Karpu wa Mtoni Halali

Sheria ya Uingereza hufunga karibu mito yake yote kwa wavuvi wa ndoana kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 15 Juni, ili samaki wazaliane bila kubughudhiwa. Miezi tisa iliyobaki, mto uko wazi kwa kila mwenye leseni. Hata hivyo, anayepita kando ya Mto Trent au Mto Lea katikati ya Januari atamwona mvuvi wa karpu kwa nadra sana. Wengi hufunga virago Oktoba inapokwisha. Hesabu siku kuanzia tarehe 16 Juni hadi mwisho wa Oktoba, kisha hesabu kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 14 Machi: unapata vipande viwili vinavyokaribia kulingana, takriban miezi minne na nusu kila kimoja. Nusu nzima ya msimu inatupwa, na kinachoitupa ni imani moja, kwamba maji yakishapoa karpu hujilaza topeni, hufunga kinywa, na hashtuki tena mpaka majani yachipue.

Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na kweli imani hii ina chembe ya ukweli ndani yake. Karpu hula kidogo majira ya baridi. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza pale watu wanaporuka kutoka "hula kidogo" hadi "hali kabisa", kisha wakaruka tena hadi "mto umekufa". Mruko wa kwanza hauna ushahidi. Wa pili umewanyima maelfu ya wavuvi siku bora walizoweza kuzipata ukingoni.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kumfahamu samaki huyu. Karpu aliingia Ziwa Naivasha kwa bahati mbaya, akipitia Mto Malewa, akaanza kuonekana katika nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya miaka kumi hivi akawa ndiye samaki mkuu wa wavuvi wa pale. Kule hajui theluji. Ziwa liko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hata kipupwe cha Julai hakiyafikishi maji yake karibu na kuganda. Lakini samaki wa spishi hiyohiyo, Cyprinus carpio, anaishi chini ya barafu katika maziwa ya Minnesota, Marekani, na asili yake ni mabonde ya mito inayomwaga maji Bahari Nyeusi, Bahari ya Kaspi na Bahari ya Aral, nchi ambazo baridi yake hugandisha mito. Kumwita kiumbe huyo samaki wa kiangazi tu ni kumnyima nusu ya historia yake.

Imani ya usingizi ilitoka bwawani. Tangu Enzi za Kati karpu wa Ulaya amekuwa samaki wa kufugwa, na hakuna mahali ufugaji huo ulipofikia kilele kama Bohemia ya kusini, katika nchi iitwayo leo Ucheki. Karibu na mji wa Třeboň liko bwawa la Rožmberk, lililojengwa kati ya 1584 na 1590 chini ya usimamizi wa Jakub Krčín, na hadi leo huvunwa wakati wa vuli ili karpu wafike mezani mkesha wa Krismasi. Kabla ya hapo, mwaka 1547, askofu wa Olomouc aitwaye Jan Dubravius alikuwa ameshachapisha kitabu kizima juu ya mabwawa ya samaki. Sehemu kubwa ya yale ambayo Ulaya inayajua kuhusu karpu ilikusanywa na watu wa namna hiyo, na swali lao la msingi lilikuwa moja: nikimlisha, ataongeza uzito?

Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 8 au 10, jibu ni kwamba chakula hakilipi. Nafaka inayomwagwa haigeuki nyama. Huoza chini na kuchafua maji. Kwa hiyo mfugaji huacha kulisha, huwahamishia samaki katika mabwawa ya kupitishia baridi, na majira ya kuchipua yakifika huwakuta wamekonda. Hapo ndipo kauli ilipozaliwa: karpu hali wakati wa baridi.

Kwa mfugaji kauli hiyo inatosha kabisa. Kwa mvuvi wa ndoana ni jibu la swali ambalo hakuliuliza. Yeye hana haja karpu aongeze hata gramu moja. Haja yake ni samaki mmoja, mara moja, afungue kinywa juu ya punje moja ya mahindi. Kati ya kutokua na kutokula kuna nafasi pana, na uvuvi wote wa majira ya baridi unafanyika ndani ya nafasi hiyo. Mtu aliyechukua kanuni ya ghala la chakula cha mabwawa akaipeleka ukingoni mwa mto alichanganya biashara mbili zisizohusiana.

Tuutazame mwili wenyewe. Joto la karpu ni joto la maji anamoishi. Maji yakishuka kwa nyuzijoto 10, kazi za kemia mwilini mwake hupungua kwa takriban nusu. Karpu hana mfuko wa tumbo: chakula husagwa na meno yaliyo kooni kisha huingia moja kwa moja katika utumbo mrefu, na katika maji baridi safari ya chakula humo huchukua muda mrefu mara kadhaa kuliko Julai. Basi ana sababu ya kula mara chache na kula kidogo. Hesabu hiyo haifiki sifuri popote.

Wala mwili huo haukai ukingoja jua. Mwaka 1996 Andrew Cossins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa karpu huyuhuyu. Walionyesha kwamba akipozwa, ini lake huongeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachobadilisha mafuta ya utando wa seli, ili utando usikakamae kwa baridi. Kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu. Misuli nayo hubadilika: karpu aliyekaa wiki kadhaa kwenye baridi huogelea vizuri zaidi katika maji baridi kuliko mwenzake aliyetolewa ghafla kwenye joto. Huo ni mwili unaojiandaa kufanya kazi katika baridi. Mnyama anayekwenda kulala hana haja ya kurekebisha misuli yake ya kuogelea.

Kwa mvuvi, utafiti huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kinachomfunga karpu kinywa ni kushuka ghafla kwa joto. Usiku wa kwanza wa sakitu baada ya wiki ya uvuguvugu, mto huwa kama hauna samaki. Baridi ileile ikidumu bila kuyumba kwa siku kadhaa, samaki huanza tena. Wavuvi wazoefu wa baridi wamekuwa wakilisema hilo kwa miaka mingi kwa kutegemea macho yao. Mabadiliko yaliyopimwa Liverpool yanatoa sababu ya kuwasadiki.

Anayetaka samaki anayejizima kweli amtazame binamu yake mdogo wa madimbwi, Carassius carassius. Huyo anaweza kupitisha miezi chini ya barafu bila oksijeni, akigeuza taka za misuli yake kuwa pombe na kuitoa kupitia matamvua. Karpu mkubwa hana kipaji hicho. Anahitaji oksijeni baridi yote, na maji yakiharibika alipo sharti ahame. Kwa hiyo hata pale anapotulia, ametulia kama mwenye kulinda kituo chake, yu tayari kusogea.

Sasa swali lililo gumu zaidi. Kama karpu anakula, mbona watu wanarudi nyumbani mikono mitupu?

Jibu lenye uzito lilitoka kwa watu wasio na mapenzi yoyote na karpu. Huko Minnesota samaki huyu ni mgeni mharibifu. Hufukua sakafu ya ziwa, hung'oa mimea na kuyatia maji tope. Peter Sorensen na Przemyslaw Bajer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika kutafuta njia ya kuwaondoa, waliwafunga karpu wachache vifaa vya kurusha mawimbi ya redio, wakawaachia warudi kwa wenzao. Watafiti waliwaita samaki hao Yuda, kwa kuwa waliwasaliti ndugu zao. Baridi ilipoingia, karpu waliacha sehemu kubwa ya ziwa ikiwa tupu, wakasongamana katika makundi mazito chini ya barafu. Nyavu zilizovutwa mahali hapo pamoja zilitoa sehemu kubwa ya karpu wakubwa wa ziwa zima. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Ziwa la Minnesota si Mto Trent, na hakuna haja ya kujifanya ni kitu kimoja. Lakini karpu wa mtoni ana sababu ya ziada ya kusongamana, nayo ni mkondo. Misuli iliyopoa haiwezi kupigana na maji yaendayo kasi mchana kutwa, na nguvu inayopotea humo hairudishwi na mlo mmoja kwa siku. Kwa hiyo huacha mto wenyewe. Huingia katika maegesho ya mashua, katika mifereji ya pembeni iliyochimbwa kukwepa vizuizi vya maji, nyuma ya visiwa, chini ya mashua zilizofungwa kamba toka Oktoba, katika vinywa vya vijito. Mto wa kilomita 50 unaweza kuwa na karpu wake wengi katika vipande vichache ambavyo ukiviunganisha havifiki kilomita 2. Mvuvi anayeketi Januari palepale alipofaulu Agosti, kwenye maji machache yenye magugu, hakuna samaki mbele yake. Ni sawa na mtu aliyebisha hodi katika nyumba iliyohamwa, kisha akatangaza kwamba mtaa mzima umelala.

Kosa la pili liko katika ndoo ya chambo. Majira ya joto, wavuvi wa karpu humwaga chambo kwa kilo, na wanafanya sawa, kwa sababu kundi la samaki wenye njaa litakimaliza. Desemba mvuvi huyohuyo anamwaga kilo ileile. Karpu anachukua punje tano na kushiba kwa siku nzima. Zilizobaki elfu zinakaa chini, na ndoana ipo kati ya hizo elfu. Kesho yake mvuvi anaongeza. Siku ya tatu anakunja fimbo na kwenda kusimulia kwamba samaki hawali. Kumbe amewalisha. Wanaofaulu baridi hutumia kipande cha mkate, funza wachache, punje mbili za mahindi ya kopo, wanaacha ukingo ule wakienda mwingine kama hakuna dalili, na wanabeba mzigo mwepesi wa kuwaruhusu kutembea.

Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wa usingizi hawaligusi. Kwa miongo mingi mvuvi hakuwa na njia ya kujua kama karpu amekigusa chambo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wavuvi Lenny Middleton na Kevin Maddocks walipomchunguza karpu, waliona jinsi anavyonyonya chambo, kukionja, na kukitema pamoja na ndoana bila mvuvi kujua lolote. Wakaacha kukichoma chambo kwenye ndoana. Wakakining'iniza pembeni kwa uzi mwembamba, ili kinywani kiingie kama chakula huru na ndoana ifuate nyuma yake. Maddocks aliutangaza mfumo huo katika kitabu chake Carp Fever cha mwaka 1981, na ukageuza uvuvi wa karpu duniani kote. Sasa fikiria karpu wa nyuzijoto 6, asiyekimbia na chambo wala kutikisa mshipi, anayenyonya na kutema akiwa amesimama palepale. Vizazi vya wavuvi waliokuwa na ndoana iliyochomwa katikati ya kiazi walitoa hukumu kwamba huyo hali. Hawakuwa na kipimo cha kutolea hukumu hiyo.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa karpu kukosea kwa sauti moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilisadikiwa Uingereza kwamba karpu mkubwa hashikiki kwa ndoana. Albert Buckley alimtoa mmoja wa kilo 12 hivi katika bwawa la Mapperley, Nottingham, mwaka 1930, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyemzidi. Ikachukuliwa kuwa ni bahati. Kisha tarehe 3 Oktoba 1951 Bob Richards akamtoa karpu wa kilo 14 katika bwawa la Redmire, na Septemba 1952 Richard Walker akamtoa hapohapo mwingine wa kilo 20, ambaye alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London. Samaki hawakuwa wamebadilika. Walker alikuwa amebuni fimbo yake mwenyewe na king'ora cha umeme cha kumjulisha mvuvi samaki anapouma usiku, na zaidi ya yote alikataa kukubali kwamba swali limekwisha jibiwa. Neno "haiwezekani" katika uvuvi huu limeshaaibishwa mara moja, na lingepaswa kutamkwa kwa tahadhari zaidi.

Wapo wapinzani makini wanaokubali yote hayo kisha wakatoa hoja ya mitambo ya umeme. Wanasema: karpu wa baridi aliyepata sifa mtoni alikuwa karpu wa maji moto. Katika karne ya 20 bonde la Trent lilijaa mitambo ya makaa ya mawe iliyochota maji mtoni kwa kupozea na kuyarudisha yakiwa na uvuguvugu, na wavuvi walijua mahali pa kusimama. Peterborough palikuwa na mfereji uliopokea maji ya kituo cha umeme karibu na Mto Nene, na wavuvi waliufuata kwa ajili ya karpu katikati ya baridi. Ondoa mitambo, wanasema, na uvuvi wa baridi umekwisha.

Mitambo imeondolewa. High Marnham ilizimwa 2003, Cottam 2019, West Burton A 2023, na tarehe 30 Septemba 2024 ikazimwa Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho cha makaa ya mawe Uingereza. Karpu hawakuondoka na mvuke. Wangali katika Trent, kama walivyo katika mito ambayo haijawahi kupata tone la maji ya kupozea mitambo. Na ukitazama vizuri, funzo la yale maji moto halikuwa kwamba karpu anahitaji bafu. Lilikuwa kwamba karpu hutambua tofauti ndogo ya joto na huifuata. Tofauti hiyo ipo kwingine. Maji yaliyosafishwa kutoka mitambo ya majitaka huingia mtoni yakiwa na joto zaidi ya mto wenyewe, na mito ya mijini, ukiwemo Lea, hupokea mengi. Chemchemi za miamba ya chokaa kusini mwa Uingereza hutoa maji ya nyuzijoto 10 au 11 mwaka mzima. Mto kama Kennet, unaokutana na Thames pale Reading, hulishwa na maji hayo hata asubuhi ambayo majani ya ukingoni ni meupe kwa sakitu. Kwa samaki ambaye shughuli za mwili wake hupanda kwa kila nyuzijoto, chemchemi kama hiyo ni sababu tosha ya kuhamia karibu.

Kuna pia ushauri wa kirafiki unaotolewa kila Novemba: kama lazima uvue, nenda kwenye bwawa lililojazwa samaki wengi, uache mto. Ushauri huu unasahau namna maji yanavyopokea joto. Mto huchanganyika juu hadi chini. Upepo wa kusini-magharibi ukivuka Atlantiki na kuleta mvua ya uvuguvugu, joto la mto linaweza kupanda kwa nyuzijoto kadhaa katika siku mbili tatu, wakati bwawa lenye kina bado linakokota miguu. Kweli, mto hupoa upesi vilevile, na maji ya theluji iliyoyeyuka huuharibu kabisa. Lakini baridi ya Uingereza haiko namna moja. Desemba 2015 wastani wa joto la hewa katikati ya nchi ulifika nyuzijoto 9.7, Desemba yenye joto kuliko zote tangu vipimo hivyo vianze mwaka 1659. Ndiyo, mwezi huohuo mafuriko yaliifunika sehemu ya kaskazini. Kusini kulikuwa na mito iliyovulika kwa majuma mengi, na aliyefunga fimbo kwa kufuata kalenda hakuyaona. Kinyume chake ni baridi ya 1962 hadi 1963, ambayo iligandisha mito kwa wiki nyingi. Kizazi kilichomsoma Walker kilipitia baridi ile, na si ajabu kikatoka nayo na woga. Woga wa mwaka mmoja haufai kuwa sheria ya miaka yote.

Ufaransa imekuwa na busara zaidi katika hili. Mito yake ya daraja la pili, ambayo ndiyo makazi ya karpu, iko wazi kwa wavuvi wa karpu mwaka mzima. Kinachobanwa ni uvuvi wa usiku, unaoruhusiwa katika vipande vilivyotengwa tu. Kwenye Seine, Marne, Saône na Lot kuna watu ukingoni Januari.

Na kuna mto wa Afrika unaotoa ushahidi wake. Mto Vaal, Afrika Kusini, unapita katika nyanda za juu ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya kiwango cha kuganda. Karpu aliletwa huko na akaenea, na akazaa utamaduni mzima wa uvuvi wa kingoni unaoitwa papgooi: unga wa mahindi hupikwa na kusongwa hadi ushike kama ugali mgumu, huchanganywa na viungo vya kunukia, hufinyangwa na kurushwa. Msomaji wa Naivasha hahitaji kufafanuliwa chambo hicho. Baridi ya Vaal ni kavu, anga ni jeupe, na jua la mchana hupasha ghuba zenye maji machache, ndiyo maana alasiri hutafutwa kuliko alfajiri. Uingereza joto la baridi huja na mawingu na mvua, na anga jeupe ni dalili ya usiku mbaya. Mito miwili, samaki mmoja, kanuni mbili zinazokinzana kuhusu hali ya hewa, na zote mbili zina mantiki ukishauliza joto linatoka wapi. Anayekariri tarehe badala ya kuuliza swali hilo atakosea kotekote.

Imebaki hoja moja inayostahili heshima kuliko zote: kwamba hata kama karpu anauma, ni ukatili kumsumbua samaki anayeishi kwa akiba ya mafuta yake. Anayeisema anamjali samaki, na kwa hilo yuko upande wa haki. Ila ushahidi haumuungi mkono kikamilifu. Lita moja ya maji yaliyoshiba hewa kwa nyuzijoto 5 hubeba karibu miligramu 12.8 za oksijeni. Kwa nyuzijoto 25 hubeba miligramu 8.3 tu. Karpu anayepiganishwa Agosti mchana katika maji yenye joto yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukosa pumzi kuliko wa Januari. Wajali hao wangeanza kwa kupinga uvuvi wa siku za joto kali, na hawafanyi hivyo. Hatari ya kweli ya baridi iko nje ya maji: hewa iliyo chini ya sifuri inaweza kugandisha matamvua na macho ya samaki kwa muda mfupi. Dawa yake inajulikana. Ndoana itolewe samaki akiwa ndani ya wavu majini, mizani ibaki mkobani, picha isipigwe. Mvuvi asiyeweza kujinyima picha kwenye sakitu asiende siku hiyo.

Mipaka mingine nayo iwekwe wazi, kwa sababu anayepinga uongo hana ruhusa ya kuuza mwingine. Chini ya nyuzijoto 4 hakuna ahadi inayoweza kutolewa kwa uaminifu. Mto uliofurika maji ya theluji haufai, na ukingo wake unateleza. Karpu hana thamani ya uhai wa mtu. Siku bila samaki zitakuwa nyingi kuliko Julai, na saa za kuuma zitakuwa chache, mara nyingi kuanzia alasiri hadi giza linapoingia, katika nchi ambayo mchana wa Desemba hauzidi saa 8 au 9. Anayetaka samaki kumi kwa siku ana kila haki ya kungoja kiangazi.

Lakini chukua siku moja ya mwisho wa Januari. Upepo wa kusini-magharibi umevuma siku tatu. Mto ulipanda, sasa unashuka, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Kipimajoto kilichosoma 4 wiki iliyopita kinasoma 7 na nusu. Mashua zimetulia kwenye maegesho, tope chini yake ni laini, na saa mbili za mwanga zimebaki. Hakuna hata kimoja katika kitabu cha mfugaji wa Bohemia, katika maziwa ya Minnesota au katika maabara ya Liverpool kinachosema karpu aliye chini ya mashua zile hatafungua kinywa jioni hiyo. Kinachosema hivyo ni mazoea peke yake, na kwa mazoea hayo ukingo mzima utakuwa hauna mtu.